Gundi za mimea kwenye chakula na dawa: maswali ambayo hayaishi

Haya maswali yanarudi kila mara mtu akisoma nyuma ya paketi akakuta "gamu" fulani, au akiambiwa na mtu aloweke gundi anywe. Nimeyapanga kuanzia ya msingi kwenda kwenye yale ya pembeni pembeni. Kama huna muda soma la 1 na la 19, mengine mengi yananing'inia kwenye hayo mawili.

## Ya msingi

1. Gundi ya mmea ni kitu gani hasa?

Ni sukari. Sio ile ya kwenye chai lakini ukoo ni mmoja: molekuli za sukari zimeungana mamia au maelfu zikawa mnyororo mrefu, mwingine mnyoofu, mwingine una vitawi kibao. Tumbo na utumbo wetu mdogo havina vimeng'enya vya kuikata kwa hiyo inapita nzima mpaka utumbo mpana, ndo mana inahesabiwa kwenye faiba, yaani nyuzinyuzi za chakula.

Ukiitia kwenye maji ule mnyororo unajikunjua, unashika maji pembeni yake, alafu minyororo inaanza kugongana na kusokotana kama nywele ndefu zisizochanwa, na kitu kinakuwa kizito. Hapo ndo ilipo biashara yote. Ute wa bamia ni habari hiyohiyo.

Mmea wenyewe hautengenezi gundi kwa ajili yetu. Miti mingine inaitoa pale gome linapojeruhiwa, inaganda juu ya kidonda na kukiziba. Mingine inaiweka ndani ya mbegu kama akiba ya chakula, na ikishika maji inasaidia mbegu isikauke wakati wa kuota.

2. Tofauti yake na ubani, sandarusi na utomvu wa mpira ni ipi?

Tunaviita vyote "gundi" kwa sababu vyote vinatoka kwenye mti na vinanata, lakini kemia yake ni tofauti kabisa na jaribio ni rahisi. Chukua kipande weka kwenye maji. Kikiyeyuka au kikavimba, hiyo ni gundi kweli. Kikibaki vilevile, ila kwenye spiriti kinayeyuka, hiyo ni resini, na sandarusi iko humo. Ukikata mti ukatoka maziwa meupe, hayo ni latexi, ndo familia ya mpira na ya chikle, ile ya mti wa Manilkara zapota ambayo zamani ilitengenezea bazoka kabla ya viwanda kuhamia mpira wa kutengenezwa.

Ubani, manemane na mvuje viko katikati, vina gundi na resini na mafuta ya harufu kwa pamoja. Ndo mana ukiloweka ubani maji yanakuwa meupe meupe lakini tonge lenyewe haliishi: sehemu ya gundi imetoka, resini imebaki.

3. Gelatini nayo ni gundi ya mmea?

Hapana. Gelatini ni protini ya ngozi na mifupa ya wanyama. Ukitafuta jeli isiyo na mnyama angalia agari au karajinani (swali la 7), au pektini ya matunda (swali la 11).

4. Zile namba za E kwenye lebo zinamaanisha nini?

Ni mfumo wa Ulaya wa kutaja viongeza vya chakula, na kuwa na E haimaanishi sumu, inamaanisha kimepitiwa na kuruhusiwa. Kwa upande wa gundi shika hizi: alginati ni E400 hadi E405, agari E406, karajinani E407, karobu E410, guari E412, tragakanthi E413, gamu arabiki E414, zanthani E415, karaya E416, tara E417, jelani E418, konjaki E425, pektini E440. Majina yanaandikwa tofauti kila lugha lakini namba haibadiliki, kwa hiyo mimi huwa naangalia namba.

## Zinakotoka

5. Gamu arabiki inavunwaje, na kwanini kila mtu anaitaja Sudan?

Inatoka kwenye migunga ya aina mbili. Acacia senegal inatoa ile inayoitwa hashab, ngumu, ya rangi ya kaharabu hafifu, ndo bora. Acacia seyal inatoa talha, inavunjika haraka na bei yake ni ya chini. (Wataalamu wa mimea siku hizi wameibadilisha majina, Senegalia na Vachellia, ila sokoni bado ni akasia.) Mvua zikiisha na mti ukianza kupukutisha majani, mvunaji anabandua vipande vyembamba vya gome bila kuumiza mti sana, anaondoka, anarudi baada ya wiki kadhaa anakuta matonge yameganda pale kwenye jeraha. Anayachuma kwa mkono, anarudi tena baadae, hivohivo mpaka msimu uishe.

Migunga hii inaota kwenye ukanda wote wa Saheli, kuanzia Senegal mpaka pembe ya Afrika, lakini Sudan ndo imekuwa muuzaji mkubwa kuliko wote kwa muda mrefu, ikifuatiwa na nchi kama Chad na Nigeria. Ukitaka kujua uzito wake angalia siasa: Marekani ilipoiwekea Sudan vikwazo mwaka 1997, gamu arabiki iliachwa nje ya marufuku, kwa sababu viwanda vya soda, peremende na dawa havikuwa na mbadala wa maana. Vita vilivyoanza Aprili 2023 vimewarudishia wanunuzi presha ileile.

6. Guari, karobu na tara zinachanganya, ni kitu kimoja?

Ni ndugu. Zote zinatoka kwenye mbegu za mimea ya jamii ya kunde: guari ni zao la shambani, India ndo inaongoza kwa mbali hasa jimbo la Rajasthan, karobu ni mti wa nchi zinazozunguka Mediterania, tara ni mti wa Peru. Sehemu inayosagwa ni ile ya ndani ya mbegu iliyozunguka kiini.

Tofauti yao ni ya kuvutia kwa sababu inaonekana mpaka kwenye sufuria. Wote watatu wana uti wa sukari ya manosi wenye vitawi vya galaktosi. Guari ina kitawi kimoja kwa kila manosi 2, tara kimoja kwa 3, karobu kimoja kwa 4. Sasa fikiria fimbo zenye miiba: zikiwa na miiba mingi haziwezi kulaliana, maji yanapenya kirahisi, ndo mana guari inakolea hata kwenye maji baridi. Karobu ina sehemu ndefu zisizo na miiba, zinalaliana zikabana, mpaka uchemshe hadi nyuzi joto 80 na kitu hivi ndo ziachiane. Zile sehemu tupu ndo pia zinazoshikana na gundi nyingine (swali la 11).

Alafu neno karati la kupimia vito linatokana na mbegu za karobu, zilitumika kama mawe ya mizani. Leo karati moja ni gramu 0.2.

Na guari isikudanganye kwamba ni ya chakula tu. Wachimbaji wa mafuta na gesi wanaikoroga kwenye maji ya kupasulia miamba, na mwaka 2012 waliinunua kwa fujo hadi bei ikapaa na watengeneza vyakula wakabaki wanahangaika.

7. Agari, karajinani na alginati ni za mti gani?

Sio mti, ni mwani. Agari na karajinani zinatoka kwenye mwani mwekundu, alginati kwenye mwani wa kahawia. Agari inayeyuka karibu na nyuzi joto 85 ila ikishayeyuka haigandi mpaka ishuke kwenye 40 kushuka chini, na huo mwanya ndo uliiingiza maabara: mwaka 1881 Fanny Hesse, aliyekuwa anaijua kutoka jikoni, alimshauri mumewe aliyefanya kazi na mtafiti wa bakteria Robert Koch aachane na gelatini iliyokuwa ikiyeyuka kwenye joto na kuliwa na bakteria. Mpaka leo vijidudu vinaoteshwa juu ya agari.

8. Zanthani ni gundi ya mmea?

Kiukweli hapana, ila kwa kuwa inafanya kazi ileile na iko kila mahali nimeiweka humu. Inatengenezwa na bakteria, Xanthomonas campestris, wakilishwa sukari kwenye matenki. Iligunduliwa kwenye maabara ya serikali ya Marekani huko Peoria, Illinois, na timu ya mkemia Allene Jeanes, ikaruhusiwa kwenye chakula mwaka 1969. Jelani nayo ni ya bakteria.

## Jikoni

9. Kwanini kila nikiweka kwenye maji inafanya madonge?

Kwa sababu inapenda maji kupita kiasi. Unga wa juu unashika maji hapohapo, unafanya ganda la jeli, na unga wa ndani unabaki mkavu umefungiwa. Ukishapata donge la hivo hata ukoroge saa nzima haliachii.

Dawa yake ni kuzitenganisha chembe kabla hazijakutana na maji. Changanya gundi na sukari au chumvi au unga mwingine wa kwenye mapishi, angalau mara 5 hadi 10 ya gundi yenyewe, au ipake kwenye mafuta kidogo iwe kama uji mwepesi wa mafuta, alafu ndo umimine polepole kwenye maji yanayozunguka. Blenda ni rafiki. Kwa karobu na agari kumbuka lazima uchemshe baadae, kukoroga peke yake hakutoshi.

10. Niweke kiasi gani?

Kidogo kuliko unavyofikiri. Mimi mara ya kwanza nilitia kijiko kizima cha zanthani kwenye kibakuli cha sosi, nikapata kitu kinachovutika kama kamasi, nikamwaga chote na kibakuli kukiosha ikawa kazi nyingine.

Kwa lita moja ya kimiminika: zanthani gramu 1 mpaka 5, guari gramu 2 mpaka 5, agari ya unga kama gramu 8 ukitaka jeli ya kusimama. Tafuta mizani ndogo ya gramu, vijiko vinadanganya sana hapa. Na uipe muda, guari inaendelea kukolea kwa dakika kadhaa hadi saa nzima, ukiongeza haraka kwa sababu "haijashika" utajuta.

Gamu arabiki haipo kwenye hesabu hizi kabisa. Mnyororo wake umejikunja kama mpira badala ya kunyooka kwa hiyo unaweza kuyeyusha hata nusu kwa nusu na maji ndo ianze kuwa kama asali. Usiitumie kukolezea supu, utamaliza paketi.

11. Naweza kuweka hii badala ya ile?

Inategemea ulitaka nini. Ukitaka uzito tu, guari na zanthani zinapishana vizuri, ila kwenye vitu vichachu kama sosi ya siki au limao chagua zanthani, au tragakanthi iliyokuwa ikitumika huko zamani, mana guari ikikaa sana kwenye uchachu inalegea. Ukitaka jeli, guari haitakupa hata uweke kilo.

Kuna ndoa mbili za kujua. Zanthani peke yake haigandi, karobu peke yake haigandi, ila ukizichanganya na kuzipasha moto zinapata jeli laini inayodundadunda. Karobu na karajinani pia inaleta jeli nzuri kuliko karajinani peke yake ambayo inakatikakatika na kutoa maji.

Pektini ina masharti yake: ile ya kawaida ya jamu inataka sukari nyingi, asilimia 55 na kuendelea, pamoja na uchachu. Ndo mana jamu ya sukari kidogo inakataa kushika. Kwa jamu ya namna hiyo tumia pektini ya methoksili ndogo, hiyo inashikwa na kalsiamu badala ya sukari.

12. Mkate usio na gluteni unahitaji gundi kweli?

Unahitaji kitu cha kushika hewa, mana gluteni, ile protini ya ngano inayovutika, ndo ilikuwa wavu wenyewe. Kwa keki na biskuti robo mpaka nusu kijiko cha chai cha zanthani kwa kila kikombe cha unga inatosha, kwa mkate nenda mpaka kijiko kimoja. Ukiniuliza mimi, kwa mkate maganda ya isabgoli (swali la 17) yanashinda, karibu gramu 20 kwa gramu 400 za unga, kinyunya kinakandika kwa mkono kabisa wakati cha zanthani kinabaki kama uji mzito.

Gundi zenyewe hazina gluteni. Angalizo ni kwa mvuje wa unga, mara nyingi umechanganywa na unga wa ngano pamoja na gamu arabiki, mwenye siliaki (ugonjwa wa kudhuriwa na gluteni) asome lebo.

13. Soda ina gundi ya nini wakati sio nzito?

Ladha ya machungwa au limao ni mafuta, na mafuta na maji hayapatani. Gamu arabiki ina kitu ambacho gundi nyingi hazina, kiasi cha asilimia 2 hivi ya protini iliyoungana na ile sukari. Protini inashika tone la mafuta, sukari inaangalia upande wa maji, tone linabaki limevikwa koti na haliungani na mwenzake. Bila hiyo ungekuta duara la mafuta limeelea shingoni mwa chupa.

14. Na aisikrimu?

Kuzuia barafu. Kila friza ikipata joto kidogo na kuganda tena, chembe za barafu zinakua, na gundi inayafunga maji yasitembee. Kwa kilo moja ya mchanganyiko gramu 2 au 3 za karobu na guari kwa pamoja zinatosha, viwanda vinaongeza karajinani kidogo maziwa yasijitenge.

15. Niliambiwa gundi inayeyuka, nimeloweka usiku kucha imevimba kama jeli, nimeuziwa feki?

Hapana, umeuziwa nyingine. Gamu arabiki inayeyuka yote, maji yanabaki mepesi yenye rangi ya chai hafifu na labda vipande vya gome chini. Tragakanthi na karaya hazimaliziki, zinavimba tu zikawa mawingu ya jeli, kijiko kimoja kinajaza bakuli. Tragakanthi ni ya vichaka vya Astragalus, Iran na Uturuki, iko bapa bapa au kama utepe. Karaya ni ya mti Sterculia urens wa India na inanukia siki kidogo. Hakuna kibaya ila kama ulikuwa unafuata dozi ya gamu arabiki usiihamishie huku, na maji ya kunywa ni mengi zaidi.

## Dawani

16. Kwenye vidonge zimewekwa ili zitibu?

Mara nyingi hapana. Zinashika unga wa kidonge usimeng'enyuke, zinakivisha koti, na kwenye dawa za maji zinafanya chembe zielee badala ya kutuama chini. Tragakanthi na gamu arabiki zimefanya kazi hiyo tangu enzi za mfamasia kusaga dawa kwa kinu. Kwenye lozenji za koo gundi inayeyuka polepole na kupaka koo ute, hapo angalau inatuliza.

17. Ipi inasaidia choo kigumu?

Yenye ushahidi mzuri ni maganda ya mbegu za isabgoli, Plantago ovata. Yanashika maji, hayaliwi sana na bakteria wa utumboni kwa hiyo maji yanafika mpaka mwisho wa safari na choo kinalainika na kupata ujazo. Cha ajabu yanasaidia na wanaoharisha kidogo kidogo, mana yanafyonza maji yaliyozidi. Karaya nayo hutumika hivyo. Guari na gamu arabiki zinaliwa na bakteria zaidi, matokeo yake ni hafifu na gesi ipo (swali la 24).

Anza na kijiko kimoja cha chai kwa siku, ongeza taratibu, kila dozi na glasi kubwa ya maji, na usinywe ukiwa unaenda kulala. Tegemea siku 2 mpaka 3, hii sio ya kukimbiza chooni saa hiyohiyo. Kama una maumivu makali ya tumbo, unatapika, choo kimegoma kabisa au kina damu, usijaribu gundi yoyote, nenda hospitali.

18. Zinashusha kolesteroli na sukari kweli?

Kolesteroli ndio, ila kwa kiasi. Zile zinazokolea zinanasa asidi za nyongo utumboni, ini linalazimika kuchukua kolesteroli ya kwenye damu kutengeneza nyingine. Mamlaka ya usalama wa chakula ya Ulaya imekubali madai ya kolesteroli kwa guari gramu 10 kwa siku, pektini gramu 6, glukomanani (gundi ya kiazi cha Asia kinachoitwa konjaki) gramu 4. Marekani wamekubali isabgoli kwa gramu 7 za faiba yake mumunyifu kwa siku. Ukiona mtu anakuuzia kijiko kimoja cha chai cha guari "kusafisha mishipa", linganisha na namba hizo.

Sukari: zikiliwa pamoja na chakula zinapunguza ile kasi ya sukari kupanda, kwa sababu chakula kinatoka tumboni taratibu. Neno la muhimu ni "pamoja", ukinywa asubuhi ukala wanga mchana haina kazi. Na haichukui nafasi ya dawa. Aliye kwenye insulini au vidonge apime sukari yake anapoanza, inaweza kushuka kuliko alivyozoea.

19. Vidonge vya gundi vya kupunguza uzito je?

Wazo ni kwamba ivimbe tumboni ushibe. Glukomanani ya konjaki ndo pekee humu ambayo Ulaya imeikubalia dai la uzito: gramu 3 kwa siku, gramu 1 kabla ya kila mlo na glasi 1 au 2 za maji, na kwa mtu ambaye tayari anakula kidogo. Soma tena kipande cha mwisho. Matokeo yenyewe ni madogo.

Sasa upande wa pili. Kitu kinachovimba tumboni kinaweza kuvimba njiani. Vidonge vya guari vya kupunguza uzito viliwakwama watu kwenye umio huko Marekani, wengine ikabidi watolewe hospitali, na mwanzoni mwa miaka ya 1990 mamlaka ikavikataa. Jeli ndogo za konjaki za kufyonza kwenye kikombe ziliwapalia watoto na wazee mpaka kufa, kwa kuwa konjaki haiyeyuki mdomoni kama gelatini, na Umoja wa Ulaya ukazipiga marufuku mwanzoni mwa miaka ya 2000. Kwa hiyo usimeze kavu, usilambe unga na kijiko alafu ushushie, usitumie kabisa kama unameza kwa shida au uliwahi kuambiwa umio lako ni jembamba au utumbo uliwahi kuziba. Unga ulioloweka tayari ukakolea kwenye glasi una usalama zaidi kuliko kidonge.

20. Dawa za kiungulia zenye mwani zinafanyaje kazi?

Hii naipenda. Alginati ikikutana na asidi ya tumboni inaganda kuwa jeli, na kwenye dawa hiyohiyo kuna baikabonati inayotoa gesi, viputo vinanaswa ndani ya jeli nayo inaelea juu ya chakula kama chelezo. Asidi ikitaka kupanda inakutana na chelezo kwanza. Ndo mana inanywewa baada ya kula, ukinywa tumbo tupu haikai.

21. Nimesikia gamu arabiki inatibu figo, ni kweli?

Haitibu. Kilichopo ni hiki: bakteria wa utumbo mpana wakila hii faiba wanaongezeka na wanahitaji naitrojeni, wanavuta sehemu ya urea (taka ambayo kwa kawaida hutolewa na figo) kutoka kwenye damu na inatoka na choo. Majaribio madogo kwa wagonjwa wa figo yameonyesha urea ikishuka, na watu wa Sudan wameitumia kwa muda mrefu. Lakini urea kushuka kwenye karatasi sio figo kupona, na anayeacha dawa au dayalisisi kwa ajili yake anajiweka hatarini. Ukitaka kuongeza, mwambie daktari wako wa figo kwanza, pia kwa sababu ina madini kama potasiamu na kalsiamu ambayo wewe unahesabiwa.

22. Kuna matumizi nje ya tumbo?

Mengi. Bandeji za alginati ya kalsiamu zinawekwa kwenye vidonda vinavyotoa maji, zinanyonya na kugeuka jeli ili kutoa bandeji kusiumize. Alginati ndo ile pasta ya rangi anayokung'atisha daktari wa meno kuchukua umbo. Karaya imebandika meno bandia na vifuko vya wenye stoma (tundu la tumboni la kutolea choo). Na kwenye Vita ya Kwanza ya Dunia, mwanafiziolojia Mwingereza William Bayliss alipendekeza majeruhi waliopoteza damu watiwe mshipani maji ya chumvi yenye gamu arabiki, yakae kwenye mishipa badala ya kuvuja. Ilitumika kweli, baadae ikaachwa ilipoonekana inajikusanya kwenye ini.

## Usalama na mambo ya pembeni

23. Naweza kumeza na dawa zangu nyingine?

Usimeze kwa wakati mmoja. Jeli inaweza kufunga dawa au kuichelewesha, guari kwa mfano inapunguza kasi ya metformini, dawa ya kisukari, kuingia mwilini. Meza dawa zako saa 1 kabla au uache saa 2 mpaka 4 baada, na kwa dawa za dozi nyeti kama za tezi, moyo au kifafa muulize mfamasia.

24. Gesi hii itaisha?

Kwa wengi ndio, wiki 1 au 2, bakteria wanazoea. Rudisha dozi nusu upande tena. Gamu arabiki ni mpole kuliko guari, watu wamevumilia mpaka gramu 30 kwa siku wakilalamikia tumbo kujaa tu.

25. Mtu anaweza kuwa na aleji nazo?

Ndio, ingawa sio kawaida. Wanaoumia zaidi ni wanaovuta vumbi: wafanyakazi wa viwandani, wauguzi waliokuwa wakikoroga isabgoli kwa wagonjwa, na wachapaji waliokuwa wakipuliza gamu arabiki kwenye mashine wakapata pumu ya kazini. Mwenye aleji ya kunde au karanga awe makini na guari, karobu na tara.

26. Naweza kumkolezea mtoto maziwa ili asicheue?

Usifanye mwenyewe. Kuna maziwa ya dukani yaliyokolezwa kwa karobu kwa ajili hiyo, yanatolewa kwa ushauri wa daktari. Zanthani ndo usiisogeze: mwaka 2011 mamlaka ya Marekani ilionya kuhusu kikolezo chake kwa watoto njiti baada ya wengine kupata ugonjwa mbaya ambao sehemu za utumbo zinakufa, na baadae onyo likapanuliwa kwa wachanga wote.

27. Karajinani inaleta kansa?

Hofu ilianzia kwenye kitu kingine chenye jina la karibu, poligeenani, ambayo ni karajinani iliyokatwakatwa kwa asidi na joto kali na hairuhusiwi kwenye chakula. Ile ya chakula ni mnyororo mrefu. Ulaya mwaka 2018 iliweka kikomo cha muda cha miligramu 75 kwa kila kilo ya uzito wa mwili kwa siku huku wakiomba data zaidi. Kama una kidonda cha utumbo na unaona inakusumbua, iache, hutakosa lishe yoyote.

28. Nimemeza bazoka!

Itatoka. Haikai miaka 7 tumboni.

29. Nimekuta gundi kwenye mti, naweza kula?

Kama huujui mti, hapana. Na kama kinachotoka ni maziwa meupe usiguse kabisa, maziwa ya mnyaa na ndugu zake yanachoma ngozi na yakiingia machoni ni balaa. Hata gundi ya mgunga halali inataka kuchambuliwa, kuyeyushwa na kuchujwa, kuna gome, mchanga na wadudu ndani.

30. Sosi yangu ya guari ilikuwa nzito, baada ya siku chache imekuwa maji, kwanini?

Kuna kitu kimeikata ile minyororo. Kama sosi ni chachu inaweza kuwa ni uchachu (swali la 11). Kama sio chachu, ni vijidudu, wao wana vimeng'enya ambavyo sisi hatuna. Gundi kavu kwenye chupa iliyofungwa vizuri inakaa hata miaka, ila ikishakutana na maji ni chakula kama chakula kingine, friji na siku 3 au 4 basi. Ikishalegea na kutoa harufu usiikoleze tena, mwaga.